Kikombe cha Pili

Kitendawili! Sema tega, usinikodolee macho. Nilipewa mbele ya watu, makofi yakapigwa. Nikanyang'anywa mbele ya watu wale wale, makofi yakapigwa tena. Na kiganjani mwangu hakikuwahi kutua. Ni nini hicho?

Umeshindwa? Kwa desturi ungenipa mji, nami nikakutegulia. Leo usinipe. Mji wenyewe uko hapa kando ya mto, na sasa hivi unapigwa.

Rungu la kwanza la polisi lilimpata Fundi mdomoni. Alikuwa na gunia la udongo begani, mikono yote miwili juu kulishikilia, hakuwa na mkono wa kujikingia. Kilichosikika ni kama mbwa anayevunja mfupa. Gunia likatangulia kuanguka, naye akafuata, akalala juu yake kama mtu aliyetandikiwa.

Mkewe alikuwa wa nne nyuma yake kwenye mstari, na karai la kokoto kichwani. Bungeni alikofanya kazi walimwita Mama Chai, na jina hilo likamfuata mpaka mtaani. Alilitupa karai, akakimbia. Askari akamchapa mgongoni, akaendelea kukimbia. Akamchapa nyuma ya magoti, ndipo akaenda kwa kutambaa.

"Eneo hili ni mali ya serikali!" Afande aliyewaongoza alisimama juu ya tuta, kipaza sauti mkononi, viatu vyake havina tope. "Limezuiwa kwa mujibu wa sheria! Hakuna ruhusa ya kuongeza wala kupunguza kitu!"

"Kupunguza mlishapunguza nyinyi," Mshona Viatu akapiga kelele kutoka pengoni, pale tuta lilipokatwa. Huyu alikuwa jirani yao, mtu wa maneno. "Sisi tunaongeza tu, afande. Tazama wingu kule juu. Mto haujui kusoma barua."

"Mimi najua," Afande akasema, hata kipaza sauti hakukitumia. Akaonyesha kwa kidole.

Walimshukia watatu. Walimpiga kwa utaratibu, wakipokezana, kama watu wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Yeye alijikunja akaficha mikono tumboni, maana mikono ndiyo iliyokuwa duka lake. Wakamkunjua, wakaipata.

Mstari ukavunjika. Watu themanini walioanza kupeana magunia tangu alfajiri walikimbia kila mmoja na njia yake, wanawake wakipoteza viatu kwenye tope. Mama Chai alimfikia mumewe. Akamgeuza. Taya lilikuwa limekwenda upande, na kwenye tope, karibu na sikio, palikuwa na meno matatu, meupe, safi, kama yameoshwa. Akayaokota. Hakujua ni ya nini tena, lakini aliyaokota.

Askari wawili walikuwa wameshaanza kuyapasua magunia kwa visu na kumwaga udongo mtoni.

Juu yao lilisimama bango la mradi, la bati nene, kwenye nguzo mbili za chuma. Lilikuwa limeandikwa UKUTA WA KUZUIA MAFURIKO, na pembeni yake picha ya Mheshimiwa mbunge, ametabasamu mpaka magego.

*

Pale palipokuwa na pengo, zamani palikuwa na tuta la udongo. Lilikuwa baya, limeota magugu, mbuzi wanalala juu yake. Lakini lilikuwa linazuia maji tangu enzi za babu zao. Mwaka jana Bunge likaidhinisha fedha za ukuta wa zege. Redio ilisema hivyo, na mtaa wote ukacheza barabarani. Walichoambiwa kimeidhinishwa walikiona kama kimeshafika, maana kwao mtu akisema ndiyo mbele ya mashahidi, amekwisha kutoa.

Mkandarasi akaja na mitambo. Akasema msingi wa ukuta mpya hauwezi kukaa mpaka tuta la zamani likatwe. Kila mtu akaona ni sawa. Utavaaje nguo mpya juu ya tambara? Wakachukua majembe wenyewe wamsaidie, bure, kwa furaha. Jembe la kwanza lilipigwa na Fundi, kwa sababu ndiye aliyeajiriwa kusimamia waashi. Walikata hatua sitini. Nondo zikasimamishwa. Halafu asubuhi moja mitambo ikapakiwa kwenye malori, ikaondoka.

Serikali ilikuwa imeandika barua. Ilikuwa inaomba Bunge lifute matumizi yale ambayo Bunge lenyewe lilikuwa limeyaidhinisha.

"Kitu kikishapitishwa kinarudije?" mama yake Fundi aliuliza. Watu wote walimwita Bibi. Miguu ilikuwa imemfia miaka mitano iliyopita, na kitanda chake kilikuwa dirishani, ili mtaa ukipita umsalimie. "Mtoto akishazaliwa anarudi tumboni?"

Watu walikuwa wamejaa chumbani kumsikiliza Mama Chai, kwa sababu yeye alikuwa anafanya kazi mle mle ndani, na kwa miaka kumi na moja ya kumimina chai masikio yake yalikuwa yamejifunza.

"Barua ikishawekwa mezani," akawaeleza, "fedha zinafungwa siku arobaini na tano. Hazitumiki, lakini hazijafutwa. Si hai, si maiti."

"Kama mimi," Bibi akasema. Wakacheka.

"Bunge likikataa, zinafunguliwa. Likikubali, zimekufa. Na wakikaa kimya mpaka mwaka wa fedha wa serikali ufungwe, zimekufa vilevile."

"Kwa hiyo zina njia tatu, na mbili ni za makaburini."

"Ndiyo, mama. Lakini sikieni hili. Wanapiga kura kwa sauti. Kwanza kengele inalia mara tatu kuwaita walioko nje. Baada ya ya tatu mlango unafungwa. Spika anauliza, wanaokubali wanasema ndiyo, wanaokataa wanasema siyo. Sasa akisimama mbunge mmoja, hata awe peke yake, akasema siyo, basi lazima majina yaitwe moja moja na kila mtu aandikwe alichosema. Na hakuna mtu mle ndani anayetaka kuandikwa jina kwamba ameua ukuta huku mvua inakuja. Wataogopa. Watairudisha ile barua."

"Mmoja tu?" Mshona Viatu akauliza.

"Mmoja."

"Si tunaye!"

Walikuwa naye kweli. Jumapili iliyofuata Mheshimiwa alikuja, akapanda juu ya rundo la nondo, akavua koti. "Nitasimama!" akasema. "Hata nikibaki peke yangu, hata paa la Bunge liniangukie, nitasimama!" Walimbeba begani. Fundi alibeba mguu wa kushoto.

*

Kura ilipigwa siku ya arobaini na tatu.

Sheria ya wahudumu wa Bunge ilikuwa fupi. Usimwambie neno mbunge mpaka akuambie yeye. Macho kwenye sinia. Mama Chai hakuwahi kuivunja. Lakini asubuhi ile Mheshimiwa aliingia chumba cha chai akiwa peke yake, akakaa kwenye kiti cha dirishani, akasema, "Nipe ya moto, mama, sukari mbili," na yeye akaiweka chai mezani, kisha mkono wake ukamshika Mheshimiwa sehemu ya koti juu ya kiwiko. Aliuona mkono ukifanya hivyo kama mkono wa mtu mwingine.

"Samahani, Mheshimiwa. Mimi natoka kule mtoni."

"Kule kwangu? Kumbe wewe ni mpiga kura wangu!" Akacheka. "Miaka yote nanyweshwa chai na bosi wangu, sijui!"

"Leo ndiyo siku ya kura, Mheshimiwa."

"Naijua. Kaa, mama. Kaa uniambie."

Hakukaa, lakini alisema. Alimweleza tuta lilivyokatwa. Alimweleza kitanda cha Bibi kiko hatua mia mbili kutoka pengoni. Kengele ikalia ukutani, ndefu, ya kukwaruza.

"Hiyo ya kwanza tu," Mheshimiwa akasema. "Endelea. Kazi yangu ni kuwasikiliza."

Akaendelea. Hakuwahi kusikilizwa hivyo na mtu aliyevaa tai. Macho ya Mheshimiwa yalikuwa kwake, kichwa kimeinama, anaitikia, mhm, mhm, pole. Alimweleza juu ya watoto wa jirani wanaolala chini sakafuni. Alimweleza hata mambo ya zamani, mafuriko ya utotoni, paka aliyekaa juu ya paa siku mbili.

Kisha spika ya ukutani, ile inayoleta sauti za ukumbini, ikakohoa. "Hoja ni kwamba matumizi yaliyoidhinishwa yafutwe. Wanaoafiki waseme ndiyo."

Ndiyo ile ilitikisa vijiko kwenye visahani.

"Wasioafiki?"

Mtu mmoja mle ukumbini alifunua karatasi. Ilisikika.

"Walioafiki wameshinda."

Na meza zikaanza kupigwa, kwa viganja, kwa ngumi, kama watu wanaobomoa mlango.

Mheshimiwa aliitazama spika. Akaitazama saa yake. Mwisho akautazama mkono wa Mama Chai, bado uko juu ya koti lake.

"Ah, mama," akasema kwa upole kabisa. "Umenichelewesha."

Akaondoka. Mama Chai akabaki na vyombo. Akaosha kikombe cha Mheshimiwa, kilichojazwa mara mbili, akakifuta, akakipanga.

*

Jioni ile redio ilisema hoja imepita bila kupingwa. Fundi alikaa mlangoni, viganja juu ya magoti, anatazama upande wa mto.

"Bila kupingwa," Bibi akasema kitandani. "Mkwe wangu, hebu niambie. Wewe si ulikuwa humo? Spika anauliza, nyumba nzima kimya. Yule tuliyembeba, alikuwa wapi?"

Mama Chai alikuwa anamkanda miguu. Aliendelea kukanda.

"Sijui, mama. Nilikuwa naosha vyombo."

"Hukumwona?"

"Sikumwona."

Bibi alimtazama muda mrefu. Alikuwa amemlea mkwe huyu tangu ana miaka kumi na tisa, alimjua hata namna anavyopumua. "Hiki kwangu ni kitendawili," akasema. "Nimeshindwa. Haya, nakupa mji. Nakupa mji wetu huu, wote, na mbuzi wake. Nitegulie."

"Nitakutegulia, mama. Si leo."

"Mji umeshaupokea lakini. Usije ukasema hukupewa."

Wiki ile ile Mheshimiwa akateuliwa naibu waziri. Bango la mradi halikuondolewa. Lilikuwa na picha yake, na hakuna aliyejua wa kuandikiwa barua ili litolewe.

Ndipo wakakubaliana kuziba pengo wenyewe. Magunia matupu waliyapata kwa wauza nafaka, udongo ukachimbwa nyuma ya machinjio, na wakajipanga mstari alfajiri. Kwa saa mbili walifika urefu wa goti. Halafu lori la polisi likaja, na mengine umeshayaona.

Hospitali walimfunga Fundi taya kwa waya, juu na chini pamoja. Hakuweza kufungua mdomo. Alikunywa supu kwa mrija, kwenye uwazi ule ule wa meno matatu.

"Mungu hamtupi mja," Bibi akamwambia. "Angalau wamekuachia dirisha."

Fundi alicheka kwa pua, akashika taya kwa maumivu. Mshona Viatu alikuwa mlangoni, mikono yote miwili imefungwa plasta mpaka kwenye vidole, naye akacheka. "Mimi na wewe, Fundi, tumekuwa mtu mmoja. Mimi mdomo, wewe mikono."

Lakini kufungwa kwa mdomo ule kulikuwa na uzito wake. Katika mtaa ule Fundi ndiye aliyekuwa na sauti. Tangu pengo lilipofunguliwa walikuwa wamemchagua yeye akae juu ya tuta mchana na kupiga ukelele maji yakija, kwa sababu sauti yake ilifika mpaka sokoni. Walijadili kuweka mwingine. Hawakupata mwenye koo lile. Fundi mwenyewe akachukua debe tupu la mafuta na nyundo, akawaonyesha kwa mkono kwamba atapiga.

*

Ilikuwa Jumamosi saa sita mchana, jua linawaka. Mvua ilikuwa inanyesha huko juu milimani, huku chini watu wameanika nguo.

Mama Chai alikuwa anamwosha Bibi nywele, kichwa kimelala ukingoni mwa kitanda, beseni chini. Akasikia debe. Mara ya kwanza alidhani ni watoto. Mtaa mzima ulidhani ni watoto. Mtu wa nyumba ya pili alipiga kelele, "Hebu acheni fujo hizo!" Debe likazidi, haraka haraka, halina mpango, na chini yake kulikuwa na sauti nyingine, ya mtu anayepiga yowe na mdomo umefungwa. Sauti ya ng'ombe. Hiyo ndiyo aliyoijua, ya mumewe.

"Mama, panda."

"Povu bado liko kichwani."

"Panda!"

Alimvuta mgongoni, akamfunga kwa shuka la kitanda, mafundo mawili kifuani. Alipofungua mlango maji yalikuwa kwenye kizingiti, kahawia, yana povu lake yenyewe, na yalikuwa yanakuja na sauti kama ya lori linalomwaga kokoto. Akageukia juu, upande wa shule. Kila mtu alikuwa amegeukia huko. Njia ilikuwa nyembamba. Mama mmoja alianguka na watu wakapita juu yake, hawakutaka, miguu yao ilitaka. Maji yakafika kiunoni. Ukuta wa nyumba ya muuza mkaa uliinama kwa heshima, ukalala juu ya watu wanne.

"Kumbe kuna faida ya kuwa na mkwe mnene," Bibi akamwambia sikioni, anahema. "Wembamba wote wamechukuliwa."

"Shikilia, mama."

"Nimeshikilia. Usiangalie nyuma."

Hakuangalia nyuma. Kwa hiyo hakuliona. Maji yalikuwa yameng'oa bango pale pengoni pamoja na nguzo zake, yakalibeba kwa ubavu, bati likisimama na kulala, kusimama na kulala, kama panga linalonolewa. Watu waliokuwa ubavuni walipiga kelele, lakini kelele zilikuwa nyingi siku ile, utajua vipi ipi ni yako? Alichosikia yeye ni kishindo kimoja karibu sana na kichwa chake, na kitu cha baridi kikamkata sikio. Kisha uzito ukabadilika. Mtu anayejishika mgongoni ana uzito mmoja, na anayebebwa tu ana mwingine. Mikono ya Bibi iliyokuwa shingoni mwake ikaachia, ikaning'inia mbele, vidole vinagusa maji.

Aliendelea kumbeba. Alipanda naye mpaka uwanja wa shule. Walipomfungua shuka, nywele za Bibi zilikuwa bado na povu la sabuni, jeupe upande mmoja.

Fundi walimkuta mchana ule ule juu ya kipande cha tuta kilichobaki, amekaa, yu hai, debe limepondeka mpaka limekuwa sahani. Nyundo ilikuwa bado mkononi. Iliwabidi wamfungue vidole kimoja kimoja.

*

Siku ya nne msafara ulikuja shuleni.

Karani wa itifaki wa Bunge alitangulia, akamtafuta Mama Chai katikati ya magodoro. "Pole sana na msiba," akasema. Alikuwa na sare nyeupe imepigwa pasi, ndani ya mfuko wa nailoni. "Najua una likizo ya kufiwa. Ila wageni watahitaji chai, na wewe ndiye unayejua vikombe vyao. Ni saa moja tu. Nimekuombea wakufidie siku hiyo."

"Nimefiwa na mama."

"Ndiyo maana nasema pole, mama yangu. Na mkataba wako unaisha mwezi ujao, nataka nikuandikie vizuri."

Akavaa. Sikio lilikuwa limeshonwa, akalifunika kwa kitambaa.

Darasa lilijaa. Wenyeji walikaa chini, wageni kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yamewafika kifuani. Kwenye mlango walisimama askari wawili, na katikati yao Afande yule yule. Leo viatu vyake vilikuwa na tope. Waandishi wa habari walipanga kamera mbele. Ubaoni bado palikuwa na somo la Ijumaa, sentensi isiyomalizika.

Mama Chai alimimina. Mheshimiwa alikuwa mstari wa mbele. Alichukua kikombe chake bila kuinua macho.

Alipomaliza kukinywa alisimama. "Ndugu zangu," akasema, na sauti ikakatika mahali pake. "Sijalala siku nne. Ukuta huu niliupigania kwa udi na uvumba. Nimekuja na mablanketi mia tatu. Na serikali yenu sikivu itapeleka Bungeni ombi jipya la fedha, lipite kwenye kamati, liingie kwenye bajeti ijayo..."

Fundi akainuka kutoka sakafuni. Ilimchukua muda. Akafungua midomo, waya zikaonekana, na nyuma ya waya ikatoka sauti iliyotafunwa. Hakuna aliyeelewa. Wageni wakatazama pembeni kwa adabu.

"Anauliza," Mshona Viatu akasema kutoka ukutani, mikono yake miwili myeupe kwa plasta mapajani. "Anauliza siku ya kura, Spika aliposema wasioafiki, wewe ulikuwa wapi?"

Afande akahama mguu mmoja kwenda mwingine.

"Ni swali zuri," Mheshimiwa akasema. "Nashukuru kwa swali hilo. Ndugu zangu, siku ile mimi nilikuwa njiani kuingia ukumbini, niwapiganie. Akanishika mwananchi. Mwananchi wa jimbo hili hili, mwenye shida zake. Ningefanyaje? Ningemsukuma? Mimi si kiongozi wa kumsukuma mtu mnyonge. Nilimsikiliza. Akanichelewesha. Sitamtaja jina, kwa kumheshimu." Akatikisa kichwa polepole. "Mzigo huu nitaubeba mwenyewe."

Mwandishi mmoja aliandika. Mwanamke mmoja sakafuni akasema, "Masikini." Mheshimiwa akakaa, na bila kugeuza uso akanyoosha kikombe kitupu pembeni, usawa wa kiuno cha mtu anayemimina.

Mama Chai alikitazama. Kilikuwa na alama ya midomo ukingoni. Birika lilikuwa limejaa, mkono ulikuwa unamuuma. Karani wa itifaki alimkonyeza: haya, mimina. Sakafuni, karibu na mlango, shuka la kitanda lilikuwa limekunjwa juu ya godoro ambalo hakuna aliyelilalia.

"Sukari mbili," Mheshimiwa akamkumbusha kwa sauti ndogo.

Akaliweka birika chini, juu ya dawati, mbele ya kamera.

"Mama mkwe wangu aliniuliza hilo hilo," akasema. Hakupaza sauti. Alikuwa anamwambia Fundi. "Nikamwambia sikumwona. Na alishanipa mji. Ukishapokea mji lazima utegue."

"Mama," karani akasema. "Mama, si sasa."

Afande alikuwa ameanza kupita katikati ya watu waliokaa, anaruka miguu yao, anasema samahani, samahani.

"Alikuwa chumba cha chai," Mama Chai akasema. "Aliyemshika koti ni mimi. Kengele ya kwanza ikalia, akaniambia niendelee. Ya pili ikalia, nikanyamaza ili aende, akaniuliza yule paka wa juu ya paa alipona? Ya tatu ikalia, ile ya kufunga mlango. Akainua kichwa, akaisikiliza mpaka ikaisha. Halafu akaninyooshea kikombe, hivyo hivyo mnavyokiona, akasema ongeza. Nami nikamwongezea."